Kando ya sambusa, weka bahasha
Ndugu mlioko Uingereza, mkichangisha kwa ajili ya shirika la hisani la Child Bereavement UK, linalosaidia watoto waliofiwa pamoja na wazazi waliopoteza mtoto, msitegemee meza ya sambusa peke yake. Kando ya birika la chai wekeni bahasha za Gift Aid, mpango wa serikali wa kuongezea michango ya hisani. Mlipakodi akitia pauni 10, akaandika jina na anwani ya nyumbani na kuweka tiki ya kukubali Gift Aid, serikali inaongeza pauni 2.50. Pesa ya sambusa au ya tiketi ya bahati nasibu haihesabiki. Mtu mmoja akae hapo na kalamu, awaelekeze wazee taratibu, maana anwani ikiachwa tupu nyongeza imepotea. Na kama mnachangisha kwa kumkumbuka mtoto aliyefariki, picha yake msiiweke mezani kabla mama yake hajaridhia.