Blanki ya zebaki inapanda? Soma hii kabla hujafungua mashine

Nimechoka kuandika jibu lilelile kila mara kwenye simu, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Blanki ni kipimo cha kemikali peke yake, bila sampuli; inapaswa kusoma karibu sifuri. Jibu ni kwa sisi tunaopima zebaki kwa mvuke baridi: asidi inameng'enya sampuli, kloridi ya bati inageuza zebaki kuwa mvuke, gesi inaubeba hadi kwenye seli (kijumba ambamo mwanga wa taa unapita), na mashine inasoma mwanga unaofyonzwa na mvuke huo kwenye urefu wa wimbi wa 253.7 nm. Hapa Bukavu labo zinaletewa tope la mito ya upande wa Kamituga pamoja na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mara nyingine siku moja. Tope moja lenye zebaki ya wachimbaji wa dhahabu linatosha kuharibu namba za sambaza wote wanaofuata. Lakini mara nyingi uchafu hauko ndani ya mashine, na mtu ameshakamata bisibisi.

Hatua ya 1. Simamisha sampuli. Zote, hata zile "mbili tu zilizobaki".

Hatua ya 2. Acha taa ipate moto vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, subiri upya.

Hatua ya 3. Pitisha gesi peke yake, bila kioevu. Mstari wa kwenye skrini ukitulia, gesi na seli ni safi. Ukipanda, chujio la gesi limeshiba au hewa ya chumba inaingia kwenye kiungio fulani.

Hatua ya 4. Ongeza maji safi na kloridi ya bati tu. Kisha kemikali nyingine, moja baada ya moja.

Hatua ya 5. Tazama tabia ya blanki. Hapa ndipo kazi ilipo. Blanki iliyo juu lakini haibadiliki inatoka kwenye kemikali: tumia kiasi mara mbili, na ikiongezeka karibu mara mbili umempata mwizi. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa haidroksilamini (ile ya kuondoa pamanganeti iliyozidi), wa pili pamanganeti yenyewe, ya kumeng'enyea sampuli. Blanki inayoshuka kidogo kila unapoirudia ni mabaki ya sampuli nzito, yamekaa kwenye mirija au kwenye kitenganishi cha gesi, kile kinachotenga mvuke na kioevu. Inayorukaruka bila mpango ni vyombo, glovu au hewa ya chumba. Na mstari unaopanda polepole bila kilele chochote huenda si zebaki kabisa, ni unyevu uliogeuka matone ndani ya seli. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi za mvua ni baridi. Kagua kikausha gesi kabla ya kulaumu mtu.

Hatua ya 6. Kusafisha. Soma polepole, maana hapa watu wanageuza tatizo dogo kuwa kubwa. Kama shida ni kloridi ya bati, huna haja ya kuitupa: pitishia naitrojeni safi usiku kucha chini ya hoti (kabati la kuvuta mvuke), zebaki itaondoka na gesi. Haidroksilamini haisafiki kwa gesi tupu. Tia kwanza kloridi ya bati kidogo, ndipo upitishe gesi. Kama ni mabaki kwenye mirija, osha kwa asidi iliyopunguzwa, kisha maji mengi, kisha blanki hadi itulie. Usioshe kwa pamanganeti ukaishia hapo. Inaacha utando wa kahawia wa manganizi, na utando huo unashika zebaki na kuiachia kidogo kidogo. Uondoe kwa haidroksilamini. Asidi ya nitriki ikibaki nyingi, mvuke wake wa oksidi za naitrojeni unafyonza mwanga uleule wa 253.7, nawe utafukuza zebaki ambayo haipo. Na usichanganye kamwe javeli (dawa ya klorini ya kusafishia) na asidi kwenye sinki: inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu.

Hatua ya 7. Rudia hatua ya 3 na ya 4. Zikitulia, pima standadi ya chini (kioevu chenye zebaki kidogo ya kiasi kinachojulikana) kabla ya sampuli yoyote.

MASWALI

MtotoWaKadutu: Mkubwa, mashine yangu inasoma vibaya tangu jana. Nifanye nini?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 5. Halafu uniambie tabia ya blanki.

MtotoWaKadutu: Zote? Mteja anasubiri.

Jibu: Basi mpe namba za kubuni, ni haraka zaidi.

Stajieri wa Ibanda: Docta, samahani kama swali ni la kitoto. Tope la mahali wanaposafishia dhahabu, nikiongeza zebaki ya kiasi ninachokijua, inarudi nusu tu. Blanki ni safi. Huo nao ni uchafu?

Jibu: Si la kitoto hata kidogo. Hapo kuna kitu kinachoishika zebaki yako. Maji ya kifalme, yaani mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrokloriki uliomeng'enyea tope, yameyeyusha pia dhahabu iliyomo. Ukitia kloridi ya bati, dhahabu inarudi kuwa chembe za metali, nazo zinaikamata zebaki, kama vile mchimbaji anavyofanya kwenye karai, ila kinyume: yeye anakamata dhahabu kwa zebaki. Utaratibu namba 1631 wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, unataja dhahabu na iodidi kama vizuizi. Punguza sampuli kwa maji mara kumi, ongeza zebaki tena. Marejesho, yaani sehemu ya zebaki inayorudi, yakipanda, jibu umelipata. Kisha osha kitenganishi kwa maji ya kifalme, maana dhahabu iliyobaki ukutani itakusumbua kwenye sampuli zijazo.

Fundi_Nguba: Aliyetuuzia mashine anasema tubadilishe mirija yote kwanza. Wewe unajua kuliko yeye?

Jibu: Yeye anauza mirija. Ule wa pampu unachoka kweli, ubadilishe, bei yake ni ndogo. Mingine uiguse baada ya hatua ya 5.

Mama wa Labo: Sisi tuko ndani ya hospitali. Blanki ya saa tatu asubuhi iko juu, mchana inatulia yenyewe.

Jibu: Aksanti mama, maelezo mazuri. Korido inaoshwa kwa javeli asubuhi? Kama mashine yenu inavuta hewa ya chumba kwa pampu, klorini inafyonza mwanga uleule, mashine inaihesabu kuwa zebaki. Pimeni bila kloridi ya bati: kilele kikibaki, hakitoki kwenye kioevu. Ingekuwa zebaki ya kipima joto au ya mashine ya presha iliyovunjika, ningetegemea ipande mchana chumba kikipata joto. Hata hivyo chungulieni nyufa za sakafu. Hewa iliyoshiba zebaki kwenye nyuzi 20 inabeba karibu miligramu 13 kwa mita ya ujazo, na sisi tunatafuta nanogramu. Mkikuta matone, msifagie.

Mama wa Labo: Ni javeli kweli. Saa moja unusu, kila siku. Na sampuli tunaweka kwenye chupa za plastiki, ni sawa?

Jibu: Sambaza waliogandishwa, sawa. Maji, hapana: mvuke wa zebaki unapenya polietilini, kuingia na kutoka. Tumieni kioo au Teflon, na muongeze kihifadhi mapema.

Fundi_Nguba: Na stabilizeta ya umeme muiweke kwenye taa pia, si kwenye kompyuta peke yake. Kwetu mstari ulikuwa unacheza kila jenereta ilipowashwa.

Jibu: Hiyo nakubali.