Mazoezi ya vuli kwa klabu ya mbio za nyika: wiki 10 za matope na vilima Arusha

Mvua za vuli zikianza kugonga mabati ya Sakina na Ngaramtoni, klabu nyingi hufanya moja kati ya mawili: hupunguza mazoezi hadi ardhi ikauke, au huhamia lami. Yote mawili ni hasara. Mbio za nyika hukimbiwa kwenye nyasi, udongo, miteremko na kona za kuteleza, na mguu uliozoea lami tupu hupotea mita 500 za mwanzo. Matope ya vuli ni kifaa cha mazoezi kinachokuja bure. Yatumieni.

Mpango huu ni wa wiki 10, kuanzia katikati ya Oktoba hadi kuelekea Krismasi, kwa klabu ya watu 15 hadi 30 isiyo na jimu. Lengo ni kujenga pumzi na miguu. Kasi ya mashindano itatafutwa Januari, hata kwa wanaoilenga Kilimanjaro Marathon ya Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kocha anayetafuta kasi ya mashindano mwezi Novemba huwa na wanariadha waliochoka Februari.

Tafuteni ardhi kwanza

Mnahitaji sehemu nne: mzunguko wa kilomita 1.5 hadi 2 wa nyasi na udongo, kilima kimoja kizuri, uwanja wa mpira, na barabara ya moramu ya akiba kwa siku ambazo mzunguko umefurika. Udongo wa kichanga wa miteremko ya Meru, kama njia za msituni kule Olmotonyi, hunyonya maji haraka, lakini mizizi ikilowa huteleza kama sabuni. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi wa msitu kabla ya kupeleka kundi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za chini ukwepeni mvua ikinyesha: hunasa kwenye soli, kiatu kinakuwa kizito, na mkimbiaji huanza kuinua mguu kwa nyonga badala ya kusukuma kwa kisigino na vidole. Hayo si mazoezi ya nguvu, ni njia ya kuumia kinena.

Kilima kipimeni, msikikadirie kwa macho. Azimeni kwa fundi mwashi mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, wenye urefu wa mita 12 au zaidi. Pimeni mita 10 kwa kamba. Aliye juu ashike ncha yake ili usawa wa maji uguse ardhi. Aliye chini apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji upande wake. Sentimita 60 hadi 80 ndicho kilima mnachotaka. Chini ya 40 hakifundishi mengi. Zaidi ya 120 mkimbiaji hujikunja kiunoni, kisigino hakigusi chini, na mzigo wote huangukia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Kilima kiwe na urefu wa mita 250 hivi bila kona kali, na mwisho wake pawe na mahali pa kugeukia pasipo na bodaboda.

Wiki inavyokwenda

Jumatatu ni mbio nyepesi za dakika 40. Jumanne kilima. Jumatano dakika 50 nyepesi, kisha sakiti, yaani vituo vya mazoezi ya nguvu vinavyofuatana. Alhamisi fatleki, yaani kupokezana mwendo wa nguvu na mwepesi bila kusimama, kwenye mzunguko wa matope. Ijumaa pumziko kamili. Jumamosi daigono, yaani mbio za mshazari uwanjani, na sakiti ya pili, fupi. Jumapili mbio ndefu.

Mbio ndefu pimeni kwa dakika, si kwa kilomita. Kilomita ya tope la kifundoni si kilomita ya moramu, na anayekodolea saa yake atalazimisha mwendo usiostahili ardhi ile. Watu wazima waanze na dakika 70, waongeze 10 kila wiki: 70, 80, 90, kisha wiki ya 4 washuke hadi 60. Halafu 90, 100, 110, na wiki ya 8 washuke hadi 75. Wiki ya 9 warudi 110. Vijana walio chini ya miaka 20 waanze na dakika 45, waongeze 5 kwa utaratibu uleule, wasivuke 65. Hawahitaji zaidi: kwenye Mbio za Nyika za Dunia vijana wa kiume hukimbia kilomita 8 na wa kike 6, wakati wakubwa wa jinsia zote hukimbia 10.

Wiki za kushuka si za hiari. Katika wiki ya 4 na ya 8 kila zoezi hupungua theluthi moja, hata kama watu wanajisikia vizuri. Wanajisikia vizuri kwa sababu uchovu wa wiki tatu bado haujajitokeza.

Siku nyepesi ndizo zinazoharibika zaidi Arusha. Kundi la watu 20 likitoka asubuhi pamoja, wawili mbele huanza kuvutana, wengine hufuata kwa aibu, na baada ya dakika 15 mbio nyepesi zimegeuka mashindano. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kadiri mnavyopanda kuelekea Olmotonyi hewa inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo kosa hilo linagharimu zaidi huku kuliko Moshi. Kipimo ni mazungumzo: kila mtu aweze kusimulia jambo kwa sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Asiyeweza, kundi lipunguze. Mwekeni mbele yule anayejua kutulia, hata kama si kapteni.

Kilima

Pasheni moto dakika 20, kisha drili: magoti juu, visigino matakoni, kurukaruka kwa hatua fupi, mita 30 kila moja mara mbili. Wiki ya 1 hadi 3 pandeni mara 6 kwa sekunde 45, mkirudi chini kwa kutembea na kujogi. Wiki ya 5 hadi 7 iwe mara 8 kwa sekunde 60. Wiki ya 9 mara 10. Nguvu iwe ile ambayo mpando wa mwisho unafika palepale pa mpando wa kwanza. Wekeni jiwe lililopakwa chokaa pale kila mmoja alipofika mara ya kwanza. Akipungukiwa kwa zaidi ya mita 10, amemaliza kwa siku hiyo.

Kifua kiinuke, macho yatazame mita 10 mbele, mikono ivute nyuma. Kwenye utelezi hatua iwe fupi na ya haraka. Hatua ndefu ndiyo inayomwangusha mtu.

Kuteremka nako hufundishwa, na klabu nyingi hazikufundishi kabisa. Tazameni mashindano yoyote ya nyika: pengo hufunguka kwenye mteremko, kwa sababu anayeogopa huegemea nyuma, hupiga breki kwa kisigino, na kisigino ndicho kinachoteleza. Kuanzia wiki ya 5, baada ya mpando wa mwisho, teremkeni mara 4 kwa mita 80 kwenye nyasi za mteremko mpole. Mwili uegemee mbele kidogo kufuata ardhi, mguu utue chini ya nyonga, mikono ipanuke kidogo kwa mizani. Mapaja yatauma siku ya pili kuliko siku ya kwanza. Ni kawaida: misuli imefanya kazi huku ikirefushwa. Ndiyo maana Jumatano ni nyepesi.

Daigono na fatleki

Daigono haihitaji kifaa chochote. Kimbieni kutoka kona moja ya uwanja wa mpira hadi kona ya pili kwa mshazari, kisha jogini taratibu nyuma ya goli hadi kona inayofuata, na kurudia. Uwanja wa mita 100 kwa 64 unatoa mshazari wa mita 119 hivi. Anzeni na dakika 10, mmalize mpango na dakika 20. Kasi iwe laini, mabega yakiwa yamelegea, si mbio za kufa na kupona. Zoezi hili huweka miguu macho katika kipindi cha mbio ndefu, maana hata mbio ndefu kabisa huweza kuamuliwa kwa kasi ya mwisho: Tokyo mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni akimzidi mpinzani wake kwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde, baada ya wote kuandikiwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48.

Fatleki ya Alhamisi ni dakika 2 za nguvu na 2 nyepesi, mara 8, hadi wiki ya 4. Baadaye badilisheni kuwa dakika 6 za nguvu na 2 za kujogi, mara 4. Kocha asimame penye tope zito na apige filimbi kundi likiwa hapo, ili wajifunze kuongeza mwendo pale wengine wanapopunguza.

Sakiti kwa madumu na tairi

Vituo 8, sekunde 40 za kazi na 20 za kuhama, raundi 2 mwanzoni na 3 kuanzia wiki ya 5. Jumamosi raundi moja inatosha. Dumu la lita 5 lililojaa mchanga lina uzito wa kilo 8 hivi, linatosha kwa kuchuchumaa na kwa kupanda ngazi ya sentimita 30 mguu mmoja mmoja. Msitumie kreti ya soda kama ngazi, hupinduka. Tairi la gari dogo livutwe kwa kamba ya mita 5 iliyofungwa kwenye mkanda kiunoni, kamwe si mabegani. Vituo vingine ni pushapu, planki, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kutembea kwa hatua ndefu za kuchuchumaa, na kuruka kamba.

Baada ya vituo hivyo 8 kuna zoezi lisiloachwa hata muda ukiwa mfupi: kuinua kisigino. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu mmoja, panda kwa sekunde 1, shuka kwa sekunde 3 hadi kisigino kiwe chini ya ukingo. Mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha mara 15 goti likiwa limekunjwa kidogo, maana misuli miwili tofauti ya shavu la mguu hufanya kazi. Atakayefikisha 25 kwa urahisi ashike dumu. Tope huongeza kazi ya shavu la mguu na kano ya kisigino, na hapa ndipo wengi hukatikia vuli.

Viatu, radi na barabara

Kwa nyasi kavu, pini za spaiki (viatu vya mbio vyenye meno ya chuma kwenye soli) za milimita 6 au 9 zinatosha. Tope likiwa jepesi wekeni 12, likiwa zito 15. Zifungueni kila wiki na kupaka grisi kidogo kwenye nyuzi zake za skrubu, la sivyo kutu huzigandisha na soli hupasuka mkizilazimisha. Kiatu cha mtumba kipimeni kabla ya kulipia: kiwekeni mezani mkitazame kwa nyuma; kikiinamia upande, kiacheni. Bonyezeni soli ya katikati kwa dole gumba. Isipobonyea kabisa, au ikiwa na mikunjo mingi, imeshakufa. Viatu vilivyolowa vijazwe magazeti na kuanikwa kivulini. Joto la jiko hufungua gundi.

Mkihesabu chini ya sekunde 30 kati ya umeme na ngurumo, zoezi limekwisha. Ingieni ndani ya jengo au gari, si chini ya mti, mkae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Barabarani kimbieni upande wa kulia mkitazama magari yanayokuja, na alfajiri vaeni vizibao vya kuakisi mwanga.

Maumivu na chakula

Maumivu yaliyotapakaa kando ya ugoko na kupungua mkishapasha moto yanataka mbio zipungue nusu kwa wiki moja na zoezi la kuinua kisigino liendelee. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayouma usiku au unaporuka kwa mguu mmoja, yanaweza kuwa ufa wa mfupa: acha kukimbia siku hiyohiyo na uende hospitali. Homa nayo isichukuliwe kuwa uchovu. Pimeni malaria kabla ya kuamua lolote.

Nguo zilizolowa zivuliwe mara tu zoezi linapoisha, na uji upatikane ndani ya nusu saa. Makande, loshoro (mahindi na maziwa mgando), viazi na ndizi vinabeba kazi hii vizuri. Wasichana hasa wapate madini ya chuma: dagaa, maini, maharage, mboga za majani pamoja na chungwa au limau. Chai isinywewe na mlo huo, isubiri saa moja, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza chuma. Hili linapuuzwa sana, kisha binti anaambiwa ni mvivu kumbe damu imepungua.

Jaribio la wiki ya 1 na ya 10

Jumamosi ya wiki ya 1 na ya wiki ya 10, badala ya daigono, kimbieni mzunguko wenu mara 3 mfululizo kwa nguvu. Andikeni muda wa kila mzunguko na hali ya ardhi: kavu, laini au tope. Msilinganishe muda wa jumla, kwa sababu ardhi haitakuwa ileile. Linganisheni pengo kati ya mzunguko wa kwanza na wa tatu. Aliyepoteza sekunde 40 Oktoba na 15 Desemba amejengeka, hata kama muda wake wa jumla ni mbaya zaidi, na anaweza kuanza intavo, yaani mbio za kasi zenye mapumziko katikati, Januari. Ambaye pengo lake halijapungua, muulizeni kwanza kuhusu usingizi, chakula na mwendo wake wa siku nyepesi, kisha mrudisheni kwenye ratiba ya wiki ya 5 hadi ya 7 kabla ya kumpa kasi.