Kitambulisho cha matibabu bure cha mzee: anzia mtaani, sio hospitali

Watu wengi wanamchukua mzee moja kwa moja mpaka kituo cha afya, wakifika mapokezi wanasema huyu bibi ana miaka 70 anatibiwa bure, wanaulizwa kitambulisho kiko wapi, basi hapo ugomvi na nesi wa watu ambaye hata hicho kitambulisho hatoi yeye. Hospitali wanakipokea tu. Kinakotoka ni kwenu huko mtaani au kijijini, kinaanza kwa mwenyekiti kinapanda mpaka halmashauri. Uwe Mbeya mjini, Tukuyu, Mafinga au Makete njia ni hiyohiyo, na ianze mzee akiwa bado anatembea, maana akishalala kitandani ndo unakuta mtendaji kaenda semina.

Nani anapewa? Sera inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, ila msamaha wa kulipia matibabu ni wa wazee WASIOJIWEZA, hilo neno watu wanaliruka makusudi. Mzee ana pensheni yake, au ana mtoto mwalimu aliyemwandikisha bima ya afya ya NHIF kama tegemezi, huyo atumie bima yake. Na usijaribu kudanganya kwa mwenyekiti, anajua nani ana nyumba ya kupangisha na nani anasubiri kutumiwa hela ya chumvi. Kama kaya ipo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, sema mapema, inarahisisha sana.

Kabla ya kutoka nyumbani kusanya kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake, kama hakuna beba cha mpiga kura au cheti cha ubatizo, wazee wetu wengi cha ubatizo wanacho kimekunjwa kwenye Biblia. Toa kopi. Piga na picha za pasipoti, piga nyingi kidogo kwa sababu utaombwa tena.

Sasa hapa kwenye NIDA tulia kidogo. Namba ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Ziangalie kabla hujaenda popote. Wazee wetu wengi wanahesabu umri kwa matukio, alizaliwa mwaka wa njaa, alizaliwa wakati fulani anajenga kanisa, alaf siku ya kuandikishwa mtu akakadiria tu, unakuta babu mwenye wajukuu wakubwa kwenye karatasi ana miaka 57. Kwenye fomu kinachosomwa ni karatasi, sio mvi. Ukikuta hivyo nenda ofisi ya NIDA ya wilaya uulize utaratibu wa kurekebisha kwanza. Kama namba imepotea piga *152*00# ufuate menyu ya NIDA.

Vikishakamilika nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ukipitia kwa balozi wa nyumba kumi kwanza ni vizuri zaidi, anamfahamu mzee. Mwambie unataka mzee aingizwe kwenye orodha ya wazee wa msamaha wa matibabu, na utapewa barua ya utambulisho. Hakikisha ina mhuri! Barua bila mhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Kutoka hapo inaenda kwa mtendaji wa kata, alaf kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Anaweza kuuliza watoto wako wapi, wanafanya nini, nani anamlisha, mwambie mzee ajibu ukweli na wewe usimkatize kila akifungua mdomo.

Ukiwa kwa mtendaji uliza pia kuhusu bima ya afya kwa wote. Sheria yake ilipitishwa 2023 na inataka wasio na uwezo walipiwe na serikali, kwahiyo hakikisha jina la mzee lipo kwenye kila orodha ya kaya zisizo na uwezo inayotengenezwa hapo kwenu.

Kitambulisho chenyewe hakiuzwi. Gharama yako ni picha, kopi na nauli basi. Mtu akikwambia toa kitu kidogo kiharakishwe, huyo ni kishoka, rudi ofisini kwa ustawi uulize mwenyewe. Kuchelewa kunatokea kwa sababu majina yanakusanywa kwa pamoja, kwahiyo chukua namba ya simu ya mtendaji na umkumbushe kwa adabu, shikamoo kwanza madai baadaye.

Kikishatoka, mzee anaanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ile dirisha la wazee na tangazo la Mpishe Mzee Kwanza ni mambo ya foleni, mzee yeyote anapishwa hata hana kitambulisho. Kitambulisho ni cha hela. Wanaovichanganya hivi viwili ndo wale wanatoka dirishani wakilalamika wametapeliwa. Dawa ikiwa haipo stoo utaandikiwa ukanunue nje, hilo kitambulisho hakilitatui, beba akiba kidogo.

Ikibidi kupanda juu, mfano kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, omba barua ya rufaa kila hatua na uibebe na kitambulisho pamoja. Dharura haisubiri barua, kimbiza mgonjwa. Ukifika hospitali kubwa na mapokezi wanasumbua uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hapohapo hospitali, mambo ya msamaha yanamalizwa huko. Hospitali za misheni, Ikonda na nyinginezo, pigeni simu kwanza kabla ya kupanda gari, msije mkafika huko na baridi lile mkaambiwa mlipe.

Mzee akihama, mfano kutoka kijijini Makete kuja kuishi na mwanae Uyole, kitambulisho kimetolewa na halmashauri nyingine, kwahiyo mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa mpya ajulikane na muulize ustawi kama kitahamishwa au mnaanza upya. Kikipotea pita polisi mchukue lost ripoti, alaf ustawi na ile kopi mliyobaki nayo nyumbani.