Kusaidia nyuma ya pazia kwenye onyesho la K-pop Lubumbashi

K-pop ni muziki wa pop wa Korea Kusini, na hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), makundi ya mashabiki hupanda jukwaani kucheza nyimbo zake. Onyesho kama hilo likiharibika, mara chache kosa huwa la wachezaji. Wao wamefanya mazoezi miezi mizima, kila hatua wanaijua. Kinachoharibu ni wimbo unaokataa kufunguka, kundi linalotafutwa uani wakati jina lake limeshatajwa, na umeme. Yote matatu yako mikononi mwa wanaosaidia nyuma, kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye muziki, mlango wa jukwaa na jenereta kuliko kwenye mapambo.

Jambo moja lieleweke mapema: ukiwa nyuma, huoni onyesho. Kama unachotaka ni kuimba na kurusha mikono kundi unalolipenda likipanda, nunua tiketi ukae kwenye kiti. Msaidizi anayetoroka mlangoni "kuchungulia wimbo mmoja tu" ni hasara kuliko msaidizi asiyekuja kabisa.

Watu na karatasi

Kwa programu ya makundi 12 hadi 15, watu wanane wanatosha: msimamizi wa jukwaa, mtu wa muziki, mtu wa taa na projekta, wawili mlangoni pa jukwaa, mmoja chumba cha wasichana, mmoja chumba cha wavulana, na mmoja wa umeme. Wanaokata tiketi ni timu nyingine. Usiwachanganye, maana mlango wa nje ukizidiwa watavutwa watu wa ndani.

Msimamizi wa jukwaa ndiye mwenye neno la mwisho tangu milango inapofunguliwa. Hata yaya (kaka au dada mkubwa) aliyechangia makuta (pesa) mengi kuliko wote akitaka kundi la mdogo wake lisogezwe mbele, jibu linatoka kwa msimamizi peke yake.

Kila mmoja ashike nakala ya karatasi ya mpangilio, iliyochapishwa. Isiwe ya kwenye simu, kwa sababu sali (ukumbi) ikijaa mtandao unalegea. Karatasi iwe na namba ya kundi, jina, idadi ya wachezaji, jina la faili, urefu wa wimbo, vifaa (viti, maikrofoni), na mambo mawili ambayo wengi husahau: kundi linaanzaje na linamalizaje. Wengine hujipanga kwanza gizani, kisha muziki unaanza. Wengine huingia wakitembea juu ya muziki. Ukikosea hapo, kundi la watu tisa litabaki limeganda jukwaani kwenye ukimya, au wimbo utafika katikati ya ubeti wa kwanza jukwaa likiwa tupu.

Muda uhesabu hivi: wimbo wa dakika tatu na nusu, pamoja na dakika moja na nusu ya kutoka na kuingia, ni dakika tano. Makundi 14 ni dakika 70, bila maneno ya mshereheshaji. Mwongezee 20, halafu mwambie ana 15.

Katika kupanga nani anamfuata nani, tawanya nyimbo za kundi moja la Korea, ili mashabiki wake wasiishiwe hamu mapema. Mwaka 2008, kwenye tamasha la Dream Concert huko Seoul, mashabiki wa makundi mengine walizima taa zao kundi la Girls' Generation lilipokuwa jukwaani, sehemu kubwa ya uwanja ikawa giza. Hapa kwetu hakuna anayefanya hivyo kwa makusudi, lakini nyimbo nne za kundi la BTS zikifuatana mwanzoni, nusu ya sali itatoka nje kununua soda kabla ya wimbo wa kundi jingine, tuseme ATEEZ.

Muziki

Dai faili siku tatu kabla, si asubuhi ya onyesho. Kwenye WhatsApp zitumwe kama dokumenti. Kataa wimbo uliorekodiwa kutoka kwenye skrini ya simu: sauti yake huwa hafifu, na mara nyingi kuna mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya kiitikio. Zipe majina kwa mtindo mmoja: namba, kundi, wimbo, urefu. Mfano: 07_jina-la-kundi_wimbo_3m24.wav. Sikiliza kila faili hadi mwisho wake kabisa. Wachezaji wanaounganisha nyimbo kwenye simu huacha mikato mibaya sekunde za mwisho, na hapo ndipo pozi la kumalizia lilipo.

Ukubwa wa sauti husumbua zaidi ya watu wanavyodhani. Wimbo mmoja huja unanguruma, unaofuata kama redio ya jirani, na papa wa sono (fundi wa vyombo vya sauti) anaanza kukimbizana na vitufe. Programu ya bure ya Audacity inaweza kusawazisha nyimbo zote kwa mara moja: chagua kusawazisha ukubwa wa sauti, weka -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), toa upya kama WAV. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, na kwenye simu iliyo katika hali ya ndege.

Kwenye kompyuta zima Wi-Fi, sauti za mfumo, kulala kwa skrini na masasisho. Iamuru programu ya muziki isimame wimbo ukiisha, isijirukie kwenye unaofuata.

Tumia waya, acha Bluetooth. Bluetooth huchelewesha sauti, na simu yoyote iliyowahi kuunganishwa na spika ile inaweza kuingilia. Waya wenyewe nao una mtego. Ukichukua waya wa stereo wenye jeki moja kubwa ukauchomeka kwenye chaneli moja ya miksa, ala zitasikika lakini sauti ya mwimbaji itapotea, kama karaoke. Faili haina tatizo. Chaneli hiyo hutoa tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na sauti ya mwimbaji, kwa kuwa iko sawa pande zote mbili, hufutika. Dawa ni waya unaogawanyika: jeki ndogo upande wa kompyuta, jeki mbili za mono upande wa miksa, kila moja kwenye chaneli yake, moja imegeuzwa kushoto na nyingine kulia. Uwe nao wako, usitegemee wa kukodi.

Ukisikia mngurumo usiokatika, chomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukiisha, chanzo ni umeme: chomeka kompyuta na miksa kwenye multiprizi (soketi ya matundu mengi) moja, au cheza kwa betri na uchaji wakati mshereheshaji anaongea.

Jukwaa

Makundi ya Korea ni makubwa: TWICE ni watu tisa, SEVENTEEN ni 13. Kundi la watu tisa linahitaji upana wa mita 8 na kina cha mita 5 au 6. Sali nyingi za parokia na za shule hazina kina hicho, kwa hiyo wapelekee wachezaji vipimo vya jukwaa wiki mbili kabla ili wabane safu zao mapema. Kwenye ukingo wa mbele weka alama katikati, iandike 0, kisha kila mita moja weka 1, 2, 3 kwenda kulia na kushoto. Wachezaji wa K-pop wengi hujipanga kwa namba za namna hiyo, na alama hizo huokoa nusu ya muda wa majaribio.

Alama ziwe za skochi ya kitambaa. Skochi ya kahawia ya maboksi huacha gundi inayonata viatu, na kwenye saruji iliyong'arishwa huteleza jasho likidondoka. Piga deki kwa maji matupu. Sabuni kidogo tu inatosha kumvunja mtu goti.

Msimu nao una kauli. Kati ya Novemba na Machi mvua ya alasiri ikipiga juu ya mabati, hakuna sono inayoishinda, kwa hiyo chagua sali yenye dari au fanya kiangazi. Juni na Julai mvua hakuna, ila jioni ya Lubumbashi ni baridi. Wachezaji wapashe misuli dakika 15 kabla ya zamu yao na wabaki na masweta hadi mlangoni.

Likifanyika nje, andikieni ofisi ya komini (manispaa) mapema. Katiba inataka mikusanyiko ya uwanjani itolewe taarifa kwa maandishi. Haki za muziki husimamiwa na SOCODA, shirika la haki za watunzi, na hilo mwachieni mwandaaji, lakini muulizeni.

Umeme

Jenereta ya 5 kVA hutoa takribani kilowati 4 karatasini. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama asilimia 3 hadi 4 kwa kila mita 300. Umebaki na kilowati 3.5 hivi. Usiipakie zaidi ya robo tatu, yaani wati 2600. Spika mbili za wati 500, taa sita za LED za wati 150, projekta ya 300, kompyuta na miksa 150: jumla 2350. Inatosha. Akija mtu na birika la kuchemshia maji au pasi ya nywele, hiyo ni wati 1500 hadi 2000 kwa birika peke yake, na jenereta itazimika. Andika kwa kalamu nzito juu ya kila soketi ya vyumba vya kubadilishia: SIMU TU.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, upande ambao upepo unapeleka moshi kwingine. Moshi wake unaua bila harufu kali ya kukuonya. Usijaze petroli ikiwa inawaka. Ralonji (waya wa kurefusha umeme) iliyozungushwa kwenye kigurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu ikibaki imezungushwa huku imebeba mzigo hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Taa ziwe na ralonji yake, sauti na yake.

Umeme ukikatika, mtu wa muziki ashushe sauti kuu hadi sifuri kabla ya jambo lolote. Ukirudi, washa miksa kwanza, spika mwisho. Kinyume chake ni mshindo unaoweza kuchana spika, na spika ya watu hulipwa kwa dola.

Mlango wa jukwaa

Kanuni ni moja: kundi moja liko jukwaani, moja liko mlangoni, moja liko chumbani limeshavaa. Kundi la 6 likipanda, anayelinda mlango anaita la 8, si la 7. La 7 liko mbele yake tayari, ameshahesabu vichwa na kuvilinganisha na karatasi. Asipande mtu kabla hesabu haijatimia.

Mlangoni pawe na meza ndogo: pini 30, sindano na uzi mweusi na mweupe, skochi, bendeji ya kunyumbulika, maji, taulo, kamba za viatu. Kamba iliyofunguka ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote, kwa hiyo tazama miguu kabla ya kutazama nyuso. Aliyeteguka aketi, ainue mguu, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20. Asirudi jukwaani hata akilia.

Vyumba vya kubadilishia vilindwe kweli. Simu hazipigi picha humo, na anayelinda chumba cha wasichana ni dada mtu mzima, si mdogo wa mtu.

Upande wa mashabiki

Kule Seoul, mashabiki huweka vipande vya karatasi vyenye ujumbe juu ya viti kabla ya milango kufunguliwa, vya kuinuliwa kwenye wimbo mmoja uliopangwa. Hapa A4 moja kata mbili kwa urefu: karatasi 100 zinatosha watu 200. Chapisha wino mweusi juu ya karatasi ya rangi, ni rahisi kuliko wino wa rangi. Andika chini kwa herufi ndogo ni wimbo upi, na kwamba inuliwe usawa wa kifua.

Upande wa nyuma weka maneno ya kuitikia. Kwa BTS majina huitwa hivi: Kim Namjoon, Kim Seokjin, Min Yoongi, Jung Hoseok, Park Jimin, Kim Taehyung, Jeon Jungkook, kisha BTS. Mshereheshaji awafundishe mara mbili kabla ya wimbo, polepole, halafu kwa kasi.

Fimbo za taa za Korea huongozwa zote pamoja kutoka kwa waandaaji. Sisi tuna tochi za simu na karatasi ya nailoni ya rangi, na hiyo inatosha. Puto pia si aibu: miaka ya 1990 mashabiki wa kundi la H.O.T. walibeba nyeupe, wa kundi la Sechs Kies za njano.

Desturi moja ya kule inatufaa sana. Mashabiki hupeleka ukumbini mashada yenye mchele kwa jina la msanii, na baadaye mchele huo hupewa wenye uhitaji. Lubumbashi lete unga wa bukari (ugali), mifuko ya kilo 25, kila mmoja na utepe wa jina la kundi. Ipange juu ya mbao, si sakafuni, mbali na mlango ambako maji ya mvua huingia. Zungumzeni mapema na kituo cha watoto kitakachopokea, mkubaliane siku na gari, na mkabidhi kwa karatasi yenye saini na idadi ya mifuko.

Usiku huohuo

Skochi ibanduliwe kabla hamjaondoka. Kesho itakuwa imeng'ang'ania. Nyaya zihesabiwe mbele ya papa wa sono, zikizungushwa kwa duara, si kiwikoni. Ufunguo urudi kwa papa sentinele (mlinzi) mkononi, na mumpe cha kahawa maana amekesha kwa ajili yenu. Hesabu ya fedha ifungwe ikiwa na safu mbili, franka na dola, na kiwango cha siku hiyo kiandikwe juu. Dola iliyochanika iliyopokelewa mlangoni iandikwe peke yake, kwa sababu hakuna atakayeipokea kesho kama malipo ya sono.