Kusoma utabiri wa siku tatu wakati wa masika

Kati ya Machi na Mei, kuuliza "kesho kutanyesha?" bila kutaja mahali hakukusaidii kitu. Lodwar inaweza kuwa na joto la nyuzi 35 na jua kali, Kericho ikapigwa na mvua ya mawe, na Mombasa ikaamkia manyunyu, siku hiyo hiyo. Kama unapanga kazi au safari ukiwa Nairobi, chukua taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa na uanze kwa kutafuta kanda yako. Nairobi imo katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, pamoja na Kiambu na Nyeri. Kitui na Makueni husomwa kwingine.

Kisha tazama saa, maana hapo ndipo penye faida. Nairobi hunyeshewa zaidi alasiri na usiku. Kandokando ya Ziwa Victoria, upepo wa ziwani hukutana na ule wa mashariki, na ngurumo huanza alasiri hadi jioni. Pwani mara nyingi ni usiku na asubuhi. Kwa hiyo anayemwaga zege Nairobi aanze saa moja asubuhi, amalize kabla ya saa nane, na turubai liwe karibu. Zege bichi likinyeshewa, saruji ya juu huoshwa, uso ukabaki mchangamchanga.

Maneno "maeneo machache" yana kipimo: chini ya theluthi moja ya kanda. "Maeneo kadhaa" hufika theluthi mbili, na "maeneo mengi" huzidi hapo. Hapo Nairobi, Karen ikilowa na Embakasi ikabaki kavu, utabiri haujakosea, ingawa wa Embakasi watalalamika.

Tahadhari ya mvua kubwa hutolewa inapotarajiwa kupita milimita 20 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo paa la mita 10 kwa 10 litashusha lita 2,000. Zibua mifereji mapema. Milimita hizo zikianguka zote ndani ya nusu saa, mtaro ulioziba kwa karatasi za plastiki utarudisha maji mlangoni.

Kwa safari, soma pia kanda ambako mto unatoka. Garissa inaweza kuwa kavu kabisa huku Mto Tana ukivimba kwa mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, na barabara ya Madogo ikafunikwa. Laga za kaskazini, yaani mito mikavu ya msimu, nazo hujaa bila wingu hata moja juu yako. Usilale ndani yake wala usiegeshe gari humo.

Picha za setilaiti huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza tatu: 12:00 ni saa tisa alasiri ya hapa. Soma taarifa upya kila jioni, kwa sababu ile ya siku ya tatu hubadilika sana, hasa saa za mvua.