SOMO: Jinsi neva zinavyozaliwa ndani ya samaki pundamilia

Walimu wenzangu wa biolojia, niliahidi somo hili tulipokutana Kisumu, nalo limechelewa. Mniwie radhi.

Samaki mwenyewe ni mdogo, kama sentimita 4, ana mistari ya buluu ubavuni, na kwao ni India, Bangladesh na Nepal. Kiukoo yuko karibu na omena (dagaa wa Ziwa Victoria) kuliko ngege (tilapia) au mbuta (sangara). George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alianza kumtumia katika utafiti wa jeni miaka ya 1970. Yai hutungishwa nje ya mwili wa mama, na kiinitete, yaani samaki anayeanza kuumbwa, huonekana hadi ndani kama kioo. Unatazama bila kupasua chochote.

Saa nitakazotaja zinahesabiwa tangu yai kutungishwa, maji yakiwa nyuzi 28.5 za Selsiasi. Mchana wa Kisumu hautakusumbua. Usiku maji yakipoa kiinitete huchelewa, kwa hiyo usikimwage ukidhani kimekufa.

Hatua ya 1: Saa 10 za kwanza. Seli hugawanyika, kisha huteremka kukifunika kiini cha njano kama soksi inavyovaa kisigino. Neva bado. Tusonge.

Hatua ya 2: Bamba la neva, yaani tabaka la seli litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo, hujitandaza mgongoni. Kwetu binadamu, sehemu kubwa ya bamba hilo hukunjwa kingo zikakutana, likawa mrija. Kwa samaki huyu hudidimia kwanza likawa kama kijiti kisicho na uwazi, halafu tundu hufunguka katikati.

Hatua ya 3: Hapa ndipo ninapowataka mkae. Ndani ya bamba kuna vikundi vya seli zenye uwezo sawa wa kuwa neva, yaani seli zinazopeleka ujumbe mwilini. Jeni iitwayo neurog1 huanza kufanya kazi ndani yake, na seli inayotangulia huweka protini ya Delta kwenye utando wake. Jirani huipokea kwa protini ya Notch, na ujumbe ni mmoja tu: wewe ngoja. Ni kama darasani, aliyesimama kwanza anajibu, walio kando yake wanaketi kusubiri swali linalofuata. Wanafunzi wangu hudhani seli iliyoketi imekosa bahati. Basi waambieni habari za samaki wenye hitilafu kwenye jeni ya mib1. Kwao ujumbe wa "ngoja" haufiki, seli zinasimama kwa pamoja, neva za mwanzo zinafurika, na zile za baadaye hazina wa kuziunda.

Hatua ya 4: Kwenye saa ya 17 hivi kiinitete huanza kujipinda chenyewe. Hadubini ya shule inatosha kuona hilo. Kufikia saa ya 24 moyo unapiga, na ukikigusa kwa unywele kinashtuka, kwa kuwa neva za hisia za mgongoni zimeshaungana na zinazoendesha misuli.

Hatua ya 5: Samaki akikomaa, baadhi ya seli zilizoketi hubaki ubongoni, zikiitwa glia. Hizo huendelea kuzaa neva maisha yake yote, katika sehemu nyingi za ubongo.

MASWALI

Mwalimu, Muhoroni: Si tutumie omena tu, mbona tunao bure?
Jibu: Nilijaribu mara mbili kuwaleta kwa ndoo kutoka Dunga. Walifika wamekufa wote, nikaishia kuwakaanga.

Baba Akinyi, Nyalenda: Kakangu aliangushwa na bodaboda, uti ukaumia. Nasikia samaki huyu hupona. Je, kuna dawa?
Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Ni kweli, akikatwa neva za uti huogelea tena baada ya wiki 6 hadi 8. Glia zake hujenga daraja kwenye pengo, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha jeni moja inayochangia kulijenga. Zetu hufanya kovu linalozuia. Dawa iliyotokana na samaki huyu haipo, na anayekuuzia ni tapeli. Mazoezi ya viungo asiyaache.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kakamega: Mtu mzima huzaa neva mpya ubongoni?
Jibu: Wanabishana, dada. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kuhusu sehemu ileile ya ubongo, moja ikisema haikuziona kwa watu wazima, nyingine ikisema zipo hata kwa wazee. Kwenye mtihani andika pande zote mbili.