Jinsi ya kuchagua buli la udongo la Yixing: muhuri uangalie mwisho

Muuzaji wa mabuli ya Yixing akikuona mgeni, kwanza hulipindua buli akuonyeshe muhuri wa mfinyanzi ulio chini. Mwambie utauangalia baadaye. Muhuri ni rahisi kuiga kuliko kitu kingine chochote kwenye buli, na ndio unaopandisha bei. Mimi, iwe ni soko la chai la Fangcun kule Guangzhou au duka lolote, huenda hivi.

1. Jua litapika chai gani

Yixing iko mkoa wa Jiangsu, China, na wafinyanzi wake wengi wako katika mji mdogo wa Dingshu. Udongo wao, zisha, una madini mengi ya chuma, na buli halipakwi utando wa kioo ndani wala nje. Kwa hiyo udongo hunywa kidogo cha kila unachotia humo, na ndiyo maana watu hulitengea aina moja ya chai. Kama chai yako ni ya maziwa na tangawizi, baki na buli la kauri. Hili la Yixing litashika harufu. Kwa chai za Kichina kama oolong au pu'er, ya watu wawili watatu, mililita 120 hadi 200 zinatosha, kwa kuwa Wachina hutia majani mengi na kuongeza maji mara nyingi.

2. Tazama rangi kwenye mwanga wa jua

Aina kuu za zisha ni tatu: zini ni kahawia iliyoelekea zambarau, hongni ni nyekundu, duanni ni manjano iliyofifia. Zote zimepoa, na kwa karibu utaona chembechembe. Buluu kali na kijani kinachong'aa, pita. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, iliwafichua watengenezaji waliokuwa wakitia kemikali za rangi kwenye udongo wa kawaida.

3. Mulika ndani

Hapa usiwe na haraka. Buli la mkono la Yixing halifinyangwi kwenye gurudumu. Mfinyanzi huupiga udongo kwa nyundo ya mti hadi uwe bapa, hulikunja bapa hilo likutane ncha kwa ncha, kisha hulipigapiga kwa kibao huku akilizungusha, mpaka tumbo litokeze. Kiungo huelekezwa upande wa kishikio.

Fungua kifuniko, washa tochi ya simu. Tafuta dalili ya kiungo hicho nyuma ya kishikio, na alama za kifaa pale sakafu inapokutana na ukuta. Buli lililomiminwa kwenye kalibu huwa laini mno ndani, na mara nyingi mdomo wake umeota moja kwa moja kutoka mwilini. Katikati kuna kundi kubwa la mabuli ya nusu mkono: mwili umeshindiliwa kwenye kalibu, halafu ukamaliziwa kwa mkono. Si mabaya hata kidogo, mradi usiuziwe kwa bei ya kazi ya mkono mwanzo hadi mwisho. Na wauzaji wanajua unachotafuta, kwa hiyo alama za ndani nazo huchorwa makusudi; usiamini dalili moja peke yake.

4. Litazame kutoka juu

Ncha ya mdomo, kinundu cha kifuniko na kishikio viwe mstari mmoja.

5. Omba maji

Asiyekubali kutia maji, muage. Jaza, kisha mimina. Mkondo utoke mmoja, usitapanyike, na ukiacha kumimina maji yasichuruzike chini ya mdomo. Ziba tundu la kifuniko kwa kidole: mkondo ukatike. Likiwa limejaa, kifundo cha mkono kisikuelemee.

Sasa zungusha kifuniko. Kisicheze, wala kisikwame popote. Kazi hii ni ngumu kwa sababu udongo husinyaa takribani sehemu moja ya kumi unapokauka na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200, na mfinyanzi lazima akadirie kabla. Kifuniko cha mraba kinachokaa sawa upande wowote utakaokigeuzia kinastahili heshima ya pekee.

6. Nusa

Baada ya maji moto, harufu ya udongo ni sawa. Harufu ya rangi ya viatu maana yake limezeeshwa juzi ili lionekane la kale.

7. Haya, geuza

Mihuri hukaa chini, ndani ya kifuniko, na wakati mwingine chini ya kishikio. Ukisoma jina la Gu Jingzhou (1915–1996), mfinyanzi mashuhuri wa Yixing, kwenye meza ya sokoni, cheka kimoyomoyo: mwaka 2010 buli lake moja, lenye mchoro wa msanii Wu Hufan, liliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuani milioni 12. Kwa mfinyanzi aliye hai, omba cheti na picha yake akiwa na buli hilohilo, ingawa navyo hughushiwa. Kisha jiulize ungelipa ngapi kama muhuri usingekuwepo. Anza kupatana bei hapo.